Anajua, Hawezi

Kilianza kidole gumba cha kushoto. Baba alikuwa ameketi kwenye gogo lake pale mwaloni Igombe, wavu wa sangara umemfunika magoti, sindano ya nyavu ipo mkono wa kulia. Mkono wa kulia ulifanya kazi yake kama kawaida. Wa kushoto, ambao kazi yake ni kubana fundo lisiteleze wakati uzi unavutwa, haukubana. Fundo likateleza. Akalifungua, akaanza upya, likateleza tena. Mara ya nne akaacha, akautazama ule mkono kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyeingia ndani bila hodi.

"Umekufa ganzi?" nilimuuliza.

"Haujafa ganzi. Nausikia," alisema. "Ila wenyewe haunisikii."

Mwaka huo, 2018, alikuwa na miaka 61, nami nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni Malimbe, nimerudi nyumbani wikiendi kutafuta nauli. Nilidhani ni uchovu. Yeye naye alidhani ni uchovu, au alitaka nidhani hivyo.

Kwa asiyejua, kushona wavu ni kama kuweka kiraka. Si hivyo. Wavu uliochanika kwanza unakatwa zaidi. Fundi huchukua kisu, akapanua lile tundu mpaka afike kwenye macho mazima, akaacha mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia, ndipo ajenge jicho moja baada ya jingine. Uzi unapita chini ya jicho la juu, unatokeza, unazunguka nyuma ya nyuzi zote mbili, unarudi kujipitia wenyewe, unabanwa kwa gumba na kuvutwa. Jicho likiwa dogo kuliko wenzake, wavu utajivuta vibaya majini. Likiwa kubwa, samaki anapita. Baba aliweza kuziba tundu la ukubwa wa meza huku akibishana na watu habari za Pamba na Toto, macho yake yakiwa usoni mwa anayebishana naye. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba vidole vyake vina macho.

Baada ya lile gumba yakafuata mengine. Kifungo cha shati. Kijiko. Kufuli la mlango, ambalo alilizungusha huku na huku na ufunguo ukiwa umeingia sawasawa. Kilichotuchanganya ni kwamba nguvu alikuwa nazo. Mkono uleule ulioshindwa kijiko uliweza kubeba ndoo ya maji kutoka ziwani hadi mlangoni. Asubuhi moja nilimkuta ameshika mswaki kama kalamu, akaupeleka shavuni, akausimamisha hapo, akatulia. Alijua kwamba pale sipo. Uso wake ulionyesha kwamba anajua.

Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuinuka wenyewe. Tunaongea, unapanda polepole kutoka mapajani, unaelea, unashika ukingo wa meza, hauachi mpaka mkono wa kulia uje kuubandua. Baba akaupa jina, akauita Mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, watu husema, naye akawa anawaambia waliokuja kumjulia hali: "Huyu wangu siku ya tatu imepita zamani, na jembe hashiki." Walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Mama alicheka, na kwa muda mrefu nilimlaumu kwa hilo.

Mwaloni walisema kiharusi. Wengine walisema kuna mtu, na wakawa tayari kumtaja. Mahali pa kwanza tulipompeleka nako walisema kiharusi. Mahali pa pili walisema ni Parkinson, wakampa vidonge ambavyo alivimeza miezi minane bila kuona nafuu yoyote. Mwishowe tulikusanya fedha, tukapanda basi hadi Dar es Salaam kumwona daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Daktari yule hakuwa na haraka. Alimwambia Baba, "Mzee, nionyeshe unavyompungia mtu mkono wa kwaheri." Baba aliinua mkono wa kulia, ule mzuri, akautazama, akageuza kiganja, akakunja ngumi, akaushusha. "Nionyeshe unavyopiga nyundo." Ngumi ileile. "Nionyeshe unavyochana nywele." Baba akatabasamu kwa aibu, akasema kwa sauti ndogo, "Nywele zenyewe zimeisha, daktari." Tulipomaliza na kufika mlangoni, daktari akatupungia mkono. Na Baba, bila kuwaza, akampungia. Mkono wazi, viganja vikitazamana, vizuri kabisa.

"Umeona?" daktari aliniambia mimi. Akatueleza kwamba jambo hilo ni la kawaida kwa wenye hali hii. Mwendo ukiombwa, hauji. Tukio lenyewe likiuita, wakati mwingine unakuja.

Kupotea huko kwa miendo iliyojifunzwa, ilhali misuli ina nguvu na mtu anaelewa anachoombwa, kunaitwa apraksia. Maradhi yanayoileta kwa Baba, jina lake likilainishwa kwa Kiswahili ni kotikobasali: kuzorota kwa gamba la ubongo pamoja na viini vilivyo chini yake ndani. Ndani ya seli hujikusanya protini inayoitwa tau, seli zinakufa, na kwa kawaida upande mmoja wa mwili hutangulia kuonyesha. Mwaka 1968 madaktari watatu wa Boston, Rebeiz, Kolodny na Richardson, waliandika habari za wagonjwa watatu wenye hali hii, na tangu hapo ikawa na mahali pake kwenye vitabu. Ni maradhi adimu. Dawa ya kuyasimamisha haipo. Hata uhakika wake hupatikana kwa kuutazama ubongo wenyewe baada ya mtu kufa, ndiyo maana kwenye karatasi yetu daktari aliandika "huenda". Mama, ambaye kusoma kwake ni kwa taabu, alilisoma neno hilo moja akashukuru.

Nimefikiria mara nyingi ni wangapi hawana hata hiyo "huenda". Huko Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 150,000 wakiwatafuta wenye Parkinson, maradhi yanayofahamika zaidi kuliko haya ya kwetu. Majibu yalichapishwa mwaka 2008: wengi wa waliopatikana hawakuwahi kuambiwa na yeyote wanaumwa nini. Walikuwa wazee tu wanaotetemeka.

Daktari alituhadithia pia habari ya mtu wa Berlin, nami niliporudi niliitafuta na kuisoma. Mwaka 1900 daktari Hugo Liepmann aliletewa ofisa mmoja wa serikali aliyedhaniwa amepungukiwa akili. Aliambiwa afanye hili, akafanya lile. Alipewa kitu akakitumia kinyume. Liepmann akaona kwamba upuuzi wote ule unafanywa na mkono wa kulia. Akauzuia ule mkono usitembee, akamwomba atumie wa kushoto. Wa kushoto ukafanya yote sawasawa. Akili ilikuwepo muda wote. Waliomhukumu walikuwa wameusikiliza mkono mmoja tu.

Nilipoisoma niliona haya, kwa sababu sisi tulikuwa tumeshaanza kumfanyia Baba vivyo hivyo. Pale mwaloni watu walikuwa wananiuliza mimi, yeye akiwa ameketi katikati yetu: "Mzee anakunywa chai?" Nami nilijibu. "Anakunywa, usiweke sukari nyingi." Tulimruka kichwani kama watu wanaopitishiana sahani.

Hapa ndipo swali langu lilipoanza, na sijalimaliza. Mtu tuliyemwita fundi miaka 40, vidole vyake vikikataa, ufundi wake umekwenda wapi? Umekufa na seli zile? Au upo, mlango tu ndio umefungwa?

Mwaka 1949 Gilbert Ryle, mwanafalsafa wa Oxford, alitoa kitabu kilichopinga wazo kwamba anayefanya jambo kwa ustadi huwa kwanza anasoma kanuni kichwani, kisha anatenda. Kwake kujua kwamba jambo fulani liko hivi ni kitu kimoja, na kujua kulifanya jambo ni kingine, na hiki cha pili hakitokani na kile cha kwanza. Tulimsoma kwa haraka chuoni, wiki moja, na nilimkubali bila shida. Mcheza bugobogobo akirusha jembe juu na kulidaka huku akizunguka hana kanuni kichwani. Akianza kuitafuta, jembe litamwangukia mguuni.

Lakini Kiswahili kinanipa jambo ambalo Ryle hakunipa. Sisi tuna kujua, halafu tuna kuweza. Tunasema fulani anajua kuogelea, na tunasema anaweza kuogelea, na siku za kawaida hakuna anayesimama kuyatenganisha. Yanatenganishwa na maradhi. Na pwani wana namna yao: ukimuuliza mtu wa Unguja hali ya mama yake akakujibu "hawezi", usimuulize hawezi nini. Hawezi ni mgonjwa, basi, sentensi imekamilika. Nilipolifahamu hilo nililipenda, kwa sababu halisemi neno lolote juu ya anachojua mtu. Linamwachia.

Baba anajua kushona wavu. Hawezi. Nilidhani nikishaandika hivyo kwenye daftari nimepata jibu. Nilichokuwa sijapata ni namna ya kuishi naye ndani ya hizo sentensi mbili.

Jumapili, kabla ya misa, Mama alikuwa anampa shati lake jeupe na kumwacha nalo. Vifungo sita. Nilihesabu dakika: ishirini na moja. Kifungo kinatafuta tundu, kinalipita, kinarudi, Mgeni anapanda na kushika kola, wa kulia unakwenda kumwondoa, kifungo cha kwanza kimechomoka. Jasho linamtiririka. Mama ameketi anamenya viazi, hata hatazami. Nilivumilia Jumapili mbili. Ya tatu nikaenda nikamfunga vyote kwa nusu dakika, nikamwekea kola sawa, nikampangusa uso. Hakusema neno. Mama akaniita nje.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, Mama? Tunachelewa."

"Maiti ndiyo inayovishwa bila kuulizwa," alisema, akarudi kwenye viazi vyake.

Nilimwona mkali, na kwa kweli bado naona alikuwa mkali. Kuna upendo unaoweza kumwacha mtu atoke jasho dakika ishirini kwa ajili ya heshima, na kuna wakati heshima ile inakuwa mateso, na sijui nani amepewa saa ya kupima mahali hapo. Lakini neno lake liliniingia, kwa sababu wakati ule nilikuwa na siri kubwa kuliko vifungo.

Siri yenyewe ni hii. Baba alikuwa bado anapokea kazi. Mzee mmoja mwenye mitumbwi minne alikuwa akimletea nyavu tangu sijazaliwa, na aliendelea kumletea. Baba angeketi kutwa nzima akajenga macho matano, mengine yamepinda. Usiku akilala, mimi nilichukua taa ya sola, nikaenda uani na kuumalizia ule wavu. Nilikuwa nimejifunza kidogo utotoni, kiasi cha mtoto wa fundi, siyo kiasi cha fundi. Asubuhi Baba anakuta tundu limezibwa. Siku ya kwanza aliuliza. Nikamwambia, "Ulimaliza mwenyewe jana jioni, Baba. Umesahau."

Nimeiandika sentensi hiyo hapa ili nisiikimbie. Wakati ule niliiona ni wema. Ada ya mdogo wangu ilitokana na nyavu hizo, na furaha ya Baba, nilidhani, ilitokana na kuona kazi yake imekamilika. Sikuona nilichomwibia. Maradhi yalikuwa yamechukua mikono yake. Kumbukumbu hayakuigusa, ilikuwa nzima, na mimi ndiye niliyemwambia haipo. Nilifanya hivyo miezi mitatu. Kila mara alinitazama, akanyamaza, akaomba chai.

Siku moja yule mzee wa mitumbwi akarudi na wavu begani. Ulikuwa umechanika palepale palipozibwa, mafundo yameteleza, sangara wamepita. Hakugomba. Alimwamkia Baba kwa Kisukuma, Mwangaluka, akaketi, wakaulizana habari za familia zote mbili mpaka zikaisha. Ndipo akasema taratibu, "Mzee mwenzangu, naona mkono umechoka."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mafundo yale yalikuwa yangu, yote. Baba aliuchukua wavu, akaupitisha kwenye kidole cha kulia fundo moja moja, kisha akasema, "Kweli. Mkono umechoka."

Yule mzee alipoondoka nilitaka kusema. Baba alinitangulia. Maneno yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, yanatoka moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Mafundo yangu nayajua," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Sijasahau kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichukua muda. "Ulikuwa unafurahi."

Kwa hiyo miezi mitatu mimi nilimficha yeye, naye alinificha mimi, na siku ilipofika ya kulipa, jina lililochafuka lilikuwa lake, akaliacha lichafuke. Nilikuwa nimejiona mlinzi wa heshima ya mtu asiyeweza. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akilinda ya kwangu, kwa kitu pekee kilichokuwa bado kinamtii, ulimi, na ulimi wenyewe ulikuwa njiani kuondoka.

Kesho yake alinifanya nifumue kila nilichokishona na kuanza tena mbele yake, mchana, watu wakiona. Nilidhani atanieleza. Hakuweza, na hapa sisemi juu ya maradhi. Nilimuuliza gumba linakaa wapi hasa wakati wa kuvuta, akafikiri sana, akasema, "Mimi sikuwahi kujua. Nilikuwa nashona tu." Maneno ya ufundi wake hayakuwepo kichwani mwake hata zamani. Alichokuwa nacho ni neno moja. Nilifunga fundo, akaligusa, akasema: "Hilo hapana." Nikafumua. Tena. "Hapana." Sikuambiwa kosa ni nini. Nadhani fundo la thelathini na kitu ndilo lililopita bila neno, na kidole kikaenda kwa linalofuata. Nilijifunza wavu kwa hapana za Baba, na nikaelewa kwamba ujuzi ule haukuwa vidoleni tu kama nilivyoamini utotoni, wala haukuwa maneno. Ulikuwepo mahali fulani ambapo bado uliweza kukataa.

Fundi na kufundisha vina shina moja, watu hupenda kukumbushana hilo kwenye sherehe za shule. Mimi nalikumbuka kwa uchungu zaidi. Baba alianza kunifundisha siku alipokuwa hawezi kunionyesha, na miaka 20 alipokuwa anaweza kunionyesha nilikuwa nimekaa pembeni yake na kitabu, tukiamini wote wawili kwamba kitabu ndicho kitakachonitoa mwaloni.

Sasa hasemi. Halishi tonge mwenyewe, havai mwenyewe, miguu nayo imefuata. Mama humvisha, na bado humuuliza: "Shati lipi? Mkono upi kwanza?" Husubiri. Kufumba jicho mara moja ni ndiyo. Kuna siku husubiri sana, misa inaanza bila sisi.

Yule mzee wa mitumbwi aliendelea kutuletea kazi. Nyavu nashona mimi, jioni baada ya vipindi, maana nafundisha shule ya sekondari siku hizi. Nikimaliza namwekea Baba magotini, namshika mkono wa kulia, naupitisha juu ya mafundo. Penye kosa, mkono unakuwa mzito, hausogei. Lazima niwe mkweli: kuna siku unasimama kwenye fundo ambalo mimi sioni kosa lake, wala yule mzee halioni, na sina njia ya kujua kama ni ujuzi unaokataa au ni misuli tu imekakamaa. Daktari naye hawezi kuniambia. Siku za kwanza niliupitisha kwa nguvu kidogo, tukaendelea.

Juzi ulisimama karibu na ukingo, safu ya tatu. Nililitazama lile fundo kwenye mwanga. Lilikuwa zuri, ningesema ni katika mazuri niliyowahi kufunga. Wavu ulikuwa unasubiriwa, mtumbwi unatoka saa moja usiku. Mama alikuwa mlangoni na beseni la dagaa.

"Muulize," alisema.

Nikainama usawa wa uso wake. "Baba, hili?"

Ilichukua muda. Jicho likafumba, likafumbuka.

Nikachukua kisu.